Banda la makopo Tabata Kimanga: mizani ya haki, ila wanachoma nyaya

Kila shughuli ninayopika haikosi mtu wa kuniuliza zile chupa tupu nazipeleka wapi. Nimeona niandike mara moja, wote wasome. Nazipeleka kwenye banda la kununua plastiki na skrepa lililopo Tabata Kimanga, Dar es Salaam. Halina bango. Shuka kituoni, mwambie bodaboda akupeleke kwa watu wa makopo, atakufikisha.

Mimi ni mpishi wa shughuli: harusi, kipaimara, maulidi, arobaini, vikao vya familia. Watu mia tatu wakila na kunywa usiku mmoja, alfajiri ukumbini unakuta marundo ya chupa za maji, makopo ya soda na bia, maboksi, madumu ya mafuta ya kupikia na ndoo za mabaki ya ubwabwa. Mwenye ukumbi anataka akabidhiwe pakiwa pasafi kabla jua halijapanda. Kwangu mimi taka ni sehemu ya kazi, na nimeshazipeleka sehemu nyingi kabla sijatulia hapa.

Nianze na mizani, maana anayeuza skrepa hapa mjini anajua kilio chake. Unatoka nyumbani na kiroba ambacho mgongo wako unakuambia kina kilo kumi na zaidi, unafika unaambiwa saba. Ukibisha, unaambiwa kapime kwingine. Hapa Kimanga mizani ni ya dijitali, iko juu ya meza, namba zinamtazama mteja, na ubavuni ina stika ya Wakala wa Vipimo. Siku ya kwanza nilikuwa na mfuko wa sukari wa kilo mbili, nimetoka kuununua dukani kwa Mangi. Nikamwomba binti wa mizani niupime. Hakununa. "Weka tu mama, wengine wanakuja na unga," akasema. Ikasoma kilo mbili na gramu chache. Tangu siku hiyo sijabishana naye.

Bei zimeandikwa kwa chaki kwenye ubao, kila aina na bei yake. Mara ya mwisho nilikuta chupa nyeupe za maji ni shilingi 400 kwa kilo, na za rangi nusu ya hapo. Makopo ya alumini ndiyo yenye pesa, ila yanahitaji mengi ndipo kilo itimie. Niliuliza kwa nini chupa ya kijani inadharauliwa hivyo, nikaelezwa vizuri: plastiki nyeupe ikiyeyushwa unaipaka rangi yoyote unayotaka, ya kijani hairudi kuwa nyeupe. Na bei ya ubaoni inapanda na kushuka. Mafuta ghafi yakishuka bei duniani, plastiki mpya nayo inakuwa rahisi, na viwanda vinapunguza hamu ya ile iliyookotwa. Mwokota makopo wa Buguruni anaumia kwa jambo lililotokea kwenye masoko ya mafuta ya nchi za mbali. Sijaona tukilizungumza hilo tunapowahimiza vijana wajiajiri kwenye taka.

Kilichonifanya niwaheshimu hawa watu ni ndoo ya maji. Iko pembeni ya meza ya kuchambulia. Nilipeleka mchanganyiko wa vitu, kijana wa kuchambua akachukua chupa moja ya maji, akakata kipande kwa kisu, akakitumbukiza. Kikazama moja kwa moja hadi chini. Akachukua kifuniko cha bluu cha chupa ile ile, akakitupia: kikaelea, akakisukuma chini kwa kidole, kikaibuka tena. "Umeona mama? Hivi havikai sufuria moja." Akanionyesha kwenye kitako cha chupa ile pembetatu ndogo yenye namba 1 ndani, na kwenye dumu la mafuta namba 2, na kwenye ndoo kuukuu namba 5. Nimeshika vyombo hivyo miaka yote ya kazi yangu, sikuwahi kuelezwa zile namba ni aina za plastiki. Ndiyo sababu wanakuomba ufungue vifuniko uviweke kwenye mfuko wake. Tena chupa iliyofungwa haikandamiziki, hewa inabaki ndani, na gari linasafirisha hewa kwa gharama ya dizeli.

Vitu wasivyopokea mjue mapema, msije mkarudi navyo. Sahani za melamini hazipokelewi, zile zikishaumbwa kwa joto haziyeyuki tena. Maboksi ya juisi na maziwa hawayataki, kwa sababu ndani ni karatasi, plastiki na karatasi nyembamba ya alumini vimegandamizwa pamoja. Pampasi msithubutu. Chupa za glasi zilizovunjika nazo hawachukui, na hapo nasikitika, maana kiwanda cha Kioo kiko hapa hapa Dar es Salaam na kinayeyusha vioo vya zamani kutengeneza chupa mpya. Mzee mwenye banda anasema hana eneo la kulundika hadi lori lijae. Namwelewa, eneo lenyewe ni dogo.

Na chupa zilizolowa wanazirudisha. Binti wa mizani hana utani na hilo: "Mama, hii ina maji ndani, maji siyalipii." Mwanzoni wasaidizi wangu walikasirika. Sasa tunamimina yaliyobaki ukumbini kabla ya kufunga viroba, na kazi inakwenda.

Sasa niseme jambo ambalo limenisukuma kuandika zaidi ya bei na mizani. Kila ninapozungumza habari za kutenganisha taka, lazima mtu aseme, "Ah, hayo ni ya Wazungu, sisi Wabongo wachafu tu." Maneno haya yananiumiza na siyakubali, na sababu ninazo.

Mdogo wangu anaishi Hamburg, Ujerumani. Nilikwenda kumsaidia alipojifungua. Ndani ya nyumba yao wana mapipa ya kila namna: vifungashio pembeni, karatasi pembeni, maganda na mabaki ya chakula pembeni, na yanayobaki pembeni. Chupa za glasi unazipeleka kwenye makontena mtaani, unazitupa kwa rangi yake, na Jumapili huruhusiwi kwa sababu ya kelele. Sikatai, wana utaratibu mzuri, na watoto wadogo wanaujua. Ila kilichonivutia zaidi kilikuwa dukani. Ukinunua soda au maji kwenye chupa ya plastiki au kopo, juu ya bei unatozwa amana ya senti 25 za euro. Utaratibu huo wa chupa za kutumia mara moja wameuanza mwaka 2003. Ukimaliza kunywa, unarudisha chupa kwenye mashine iliyo ndani ya duka lenyewe, inaimeza, inakutolea risiti, na keshia anakupa hela yako. Asiyetaka usumbufu anaiacha chupa chini, kando ya pipa la mtaani, ili mwokotaji asiingize mkono kwenye uchafu. Nilimwona mama mtu mzima kuliko mimi akizikusanya hivyo kituo cha treni, na mfuko wake ulikuwa umejaa.

Mdogo wangu akasema, "Dada, wenzetu wana nidhamu." Nikamwambia nidhamu nimeiona, na ile senti 25 nimeiona pia.

Maana hata sisi tunalo hilo hilo, tena tunalo tangu mimi ni mtoto. Nani amewahi kukuta chupa ya glasi ya soda imetupwa mtaroni Tabata? Mtoto akitumwa soda kwa Mangi bila chupa, ataacha pesa ya chupa, au atainywea pale pale dukani chini ya jicho la Mangi. Chupa inarudi kwenye krati, krati linarudi kiwandani, inaoshwa, inajazwa, inarudi tena mtaani. Kwenye shughuli zangu krati likipungua chupa moja tunatafuta hadi chini ya meza za bibi harusi, kwa sababu nitailipia mimi. Hakuna aliyetufundisha kwa semina wala bango. Halafu soda ile ile ikiwa kwenye chupa ya plastiki, mtu yule yule, kwenye mtaa ule ule, anairusha dirishani mwa daladala. Tabia ya mtu haijabadilika. Iliyobadilika ni chupa, ya pili haina hela ya kurudishiwa.

Nyumbani kwetu Marangu napo ni hivyo. Maganda ya ndizi anakula ng'ombe, samadi ya ng'ombe inakwenda kwenye mgomba, majivu ya jikoni yanamwagwa kihambani, yaani shamba la nyumbani. Bibi yangu hakuwa na pipa la taka, na uwanja wake ulikuwa unafagiliwa kila asubuhi. Ukishuka Moshi mjini unakuta utaratibu mwingine kabisa: pale mji unasifika kwa usafi nchi nzima, na faini ya kutupa taka ovyo watu wanaiogopa. Abiria anayetoka Dar akimaliza karanga zake stendi ya Moshi, utamwona ameshika karatasi mkononi anatafuta pa kuiweka. Akirudi Dar jioni ya kesho yake, anaiachia barabarani. Sasa huyu ni msafi au mchafu?

Hapa Dar es Salaam sehemu kubwa ya taka za majumbani ni za jikoni: maganda, mabaki, makapi ya nazi. Zikichanganywa na chupa na maboksi, vyote vinaharibika. Boksi lililomwagikiwa mchuzi halina mnunuzi. Ndiyo maana mimi siwaombi watu wawe na mapipa manne kama ya Hamburg kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na uwanja mmoja. Naomba viroba viwili, cha mbichi na cha kavu. Mabaki yangu ya ubwabwa na nyama anayachukua kijana mfuga nguruwe wa Kinyerezi, anakuja na madumu yake yaliyokatwa juu, na maganda ya viazi na ndizi yanakwenda kwa mwenye mbuzi. Kavu inakwenda Kimanga. Kinachobaki kwa ajili ya gari la taka ni kidogo sana.

Na gari la taka nalo nilisemee. Mtaani kwetu tunalipa ada ya mwezi, gari linapita. Nilipoanza kutenganisha nilikuwa naweka viroba viwili getini, nikiamini vitakwenda njia mbili. Nikakuta vyote vinamwagwa pamoja. Nikamuuliza kijana aliye juu ya gari. Akanijibu kwa upole kabisa, "Shikamoo mama. Gari lina tumbo moja." Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli. Lakini tazameni vizuri gari lolote la taka hapa mjini: ubavuni limening'iniza viroba. Vile ni vya vijana wenyewe. Wanachambua chupa na makopo wakiwa safarini, mikono mitupu, kwenye uvundo, ili wauze jioni. Kutenganisha kunafanyika Dar es Salaam kila siku. Tunawaachia wakafanye ndani ya uchafu kazi ambayo kila nyumba ingeimaliza jikoni kwa dakika chache, ikiwa bado safi.

Sisi wa Tabata tuna sababu ya kulielewa hili kuliko wengine. Majirani zangu wazee wanakumbuka dampo lilipokuwa hapa, moshi usiku na mchana. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, wakashinda. Baadaye magari yakapelekwa Kunduchi Mtongani, na wa kule nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Ikaja Vingunguti, ikaja Mtoni, na sasa ni Pugu Kinyamwezi. Sijawahi kusikia mtaa uliosema dampo leteni kwetu. Taka za Mbezi zinavuka foleni zote za jiji kwenda Pugu, na nusu ya uzito wake ni maganda ambayo mbuzi angekula. Zinazoshindwa kufika zinaishia mitaroni, mitaro inamwaga mto Msimbazi, na mvua za masika zikija barabara ya Jangwani inafungwa.

Nimesikia pia watu wakisema sheria tu ndiyo dawa. Sheria inasaidia, nimeiona. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, sisi tarehe 1 Juni 2019, na kweli mifuko ya rambo imetoweka kwenye miti na nyaya za umeme. Lakini nendeni sokoni leo: nyanya zinafungwa kwenye vile vifungashio laini vya karanga, na ile mifuko mbadala tuliyopewa nayo imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Ikichanika, hakuna anayeinunua. Nilipeleka mzigo wake Kimanga wakanirudishia, kiwanda wanachokiuzia hakiitaki. Kwa hiyo inarudi mtaroni. Mfuko wa ukili au kikapu cha bibi unadumu zaidi, na ukichoka unaoza.

Turudi bandani. Jambo la pili ninalowapongeza ni jinsi wanavyowapokea waokota makopo. Nimekaa benchi moja na kijana aliyekuja na kiroba kikubwa kuliko yeye, amepekua vizimba vya taka tangu usiku. Alipimiwa kwa mizani ile ile, kwa bei ile ile ya ubaoni, akalipwa papo hapo mkononi. Hakuna aliyemkemea asogee. Mimi mzigo mkubwa wananilipa kwa simu, na ujumbe unaingia kabla sijanyanyuka. Kwenye mabanda mengine niliyopita, mwokotaji anakatwa kwa sababu tu ana nguo chafu na hana wa kumtetea. Hilo peke yake lingetosha kunirudisha Kimanga.

Kasoro zao ni hizi. Wana guta la kufuata mzigo, na guta hilo halina saa. Wanakuahidi saa mbili asubuhi, linakuja saa sita, na wewe mwenye ukumbi ameshakufokea. Sasa nakodi toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, mwenyewe. Bei ya ubaoni inabadilika bila taarifa, na mtu aliyetoka Segerea na mzigo anajua akishafika. Wana namba za simu za wateja wote wakubwa, wangetuma ujumbe mfupi kila Jumatatu. Vijana wa kuchambua hawana glavu, na humo kuna vioo na sindano. Nilipeleka jozi chache, zikavaliwa siku mbili tatu zikaachwa, wanasema zinawachelewesha. Mwenye banda ndiye awasimamie wazivae.

Na kubwa kuliko zote: jioni wanachoma nyaya ili plastiki iungue wabaki na shaba. Moshi wake ni mweusi, unakaba koo, na nyumba zilizo nyuma zina watoto wachanga. Mpira wa nyaya una klorini, ukiungua ovyo unatoa sumu. Nilikwenda kwa mzee mwenyewe nikamwambia kwa heshima. Nikamkumbusha pia kitu anachokijua kuliko mimi, kwamba shaba iliyomenywa kwa kisu ikiwa inang'aa inauzwa bei ya juu kuliko iliyoungua ikawa nyeusi. Akakubali, akasema kumenya kunachukua muda, atatafuta mtu. Bado sijaona mabadiliko. Kwa sababu hiyo nawapa nyota tatu badala ya nne na nusu ambazo wangestahili, na siku moshi ukikoma nitaandika tena kuwaongezea.

Mkienda, chupa ziwe kavu, vifuniko vimefunguliwa, zimekanyagwa. Maboksi yafungeni kwa kamba yakiwa bapa. Wanafungua saa moja asubuhi, Jumapili wamefunga. Fikeni kabla ya saa nne, baada ya hapo malori ya skrepa yanaziba uchochoro na toyo haipiti.